Microraptor: dinosauri wa mabawa manne, na mkia wake uliobandikwa kwa ndege



Tukisikia neno dinosauri, wengi kati yetu tunaona mnyama mkubwa kama nyumba, mwenye ngozi ya mamba na meno kama visu. Kumbe kulikuwa pia na wadogo. Leo nawaletea mmoja ambaye angeingia vizuri ndani ya kitunga cha kuku, kama si ule mkia wake mrefu na mkavu sawa fimbo. Toka pua mpaka ncha ya mkia alifika karibu sentimita 80, na sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa mkia tu. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 1, wengine hata chini ya hapo. Mwili wote ulivaa manyoya, si magamba. Na kitu cha kushangaza zaidi: alikuwa na mabawa manne, mawili kwenye mikono na mawili kwenye miguu.

Jina lake ni Microraptor. Aliishi karibu miaka milioni 120 iliyopita, pale ambapo leo ni jimbo la Liaoning, kaskazini-mashariki ya China. Tunajua alikula nini, alikuwa na rangi gani, na hata vile alikuwa anabadilisha manyoya yake. Lakini dunia ilianza kumjua kupitia uongo. Njo maana siwezi kuwaeleza maisha yake bila kueleza kwanza ule uongo, na vile jiwe moja liliuvunja.

1. Udongo wa Liaoning

Tuanze na mahali. Zamani hizo, Liaoning ilikuwa inchi ya misitu, maziwa na volkano. Haikuwa inchi ya joto kali vile tunaonaga kwenye filme: utafiti juu ya mifupa na meno ya wanyama wa eneo lile ulionyesha wastani wa joto karibu digrii 10 kwa mwaka. Kwa mnyama mdogo, manyoya yalikuwa na kazi hata kabla ya kuruka: kulinda joto la mwili.

Volkano zilikuwa zinamwaga majivu mara kwa mara. Mnyama aliyekufa na kuanguka ndani ya ziwa alishuka chini, akafunikwa na tope laini sana lililochanganyika na majivu. Kule chini hewa ilikuwa kidogo, hivi hakukuwa na wa kumla wala wa kumtawanya. Tope likajirundika tabaka juu ya tabaka, likakauka, likawa jiwe. Njo maana fosili za Liaoning ziko na kitu ambacho fosili za mahali pengine mingi hazina: si mifupa tu, hata alama za manyoya zimebaki.

Sasa shikeni jambo hili moja, litatusaidia mbele. Jiwe la namna hii linapasuka kwa bapa, sawa daftari unavyoifungua katikati. Ukilipasua pale mnyama alipolala, unapata mawe mawili: upande huu una mifupa, na upande ule una mifupa iliyobaki pamoja na alama ya upande wa kwanza. Mawe hayo mawili ni mapacha. Kila doa la hili lina doa lake kwa lile.

Wanaoyapasua mawe hayo, mara nyingi si maprofesa. Ni wakulima. Mwaka 1996 wataalamu wa China walitangaza Sinosauropteryx, dinosauri wa kwanza asiye ndege aliyeonekana na manyoya mepesi mwilini. Toka hapo dunia nzima ikageuza macho Liaoning, na bei ya fosili ikapanda. Sheria ya China ilikataza kuzitoa inchini bila ruhusa, lakini biashara ya chini chini iliendelea. Kwa familia ya mkulima, fosili moja nzuri iliweza kuleta pesa kupita mavuno. Na kila mchimbaji alijua kanuni ya soko: fosili nzima inauzwa bei, ile iliyovunjika inauzwa kidogo.

Mimi niliyesoma agronomie siwezi kumcheka mkulima huyo. Anayelima mahali pagumu anapiga hesabu ya kila kitu ambacho udongo unampa, hata mawe. Matatizo yalianza na gundi.

2. Mkia uliobandikwa

Mwaka 1997, kwenye kijiji cha Xiasanjiazi, eneo la Chaoyang, mkulima mmoja alipata fosili ya ndege wa zamani mwenye meno. Ilivunjika wakati wa kuitoa. Karibu na hapo akapata vipande vingine, kati yao mkia na miguu. Akavibandika pamoja vikawa mnyama mmoja mzima, mzuri wa kuuza. Mwaka uliofuata jiwe hilo lilitoka China kwa njia ya magendo.

Mwezi wa pili 1999 lilionekana Tucson, Arizona, kwenye maonyesho makubwa ya madini na fosili. Stephen Czerkas, aliyekuwa na musée ndogo ya dinosauri kule Blanding, jimbo la Utah, alilinunua kwa dola 80 000. Mtu aweza kumwelewa. Mbele yake alikuwa na mnyama mwenye kichwa na mabawa ya ndege, halafu mkia mrefu wa dinosauri. Ilikuwa sawa barua kutoka zamani inayosema: angalieni, njo mimi niko katikati, njo mimi daraja kati ya dinosauri na ndege.

Wanasayansi waliitwa wasaidie kuandika juu yake. Alikuwemo Philip Currie wa Kanada, na Xu Xing, kijana wa taasisi kubwa ya fosili ya Beijing. Mwezi wa saba 1999, Timothy Rowe wa Chuo Kikuu cha Texas, kule Austin, alipitisha jiwe lile ndani ya skana inayoona ndani ya mwamba. Aliona kwamba vipande vya chini haviungani na vya juu. Na miguu? Mguu wa kushoto na mguu wa kuume vilifanana kupita kiasi, juu ulikuwa mguu mmoja tu! Jiwe lilipasuliwa kama nilivyoeleza, kisha pacha mmoja akawekwa kushoto na mwenzake kuume.

Kwa hiyo onyo lilikuwepo. Majarida mawili makubwa ya sayansi, Nature na Science, yalikataa kutoa makala ya kuitambulisha fosili ile. Lakini gazeti National Geographic lilikuwa limekwisha kutayarisha habari yake, picha ziko tayari, tarehe imepangwa. Mwezi wa kumi 1999 walifanya mkutano na waandishi wa habari, na toleo la mwezi wa kumi na moja likatoka na jina jipya: Archaeoraptor. Yaani kitu ambacho hakikupita kwa wakaguzi wa sayansi kilifika kwanza kwa wasomaji wa dunia nzima.

Xu Xing alirudi China, na roho yake haikutulia. Ule mkia ulimkumbusha dromeozori, yaani dinosauri wadogo wawindaji, ndugu za Velociraptor. Akaenda Liaoning, akatembelea mahali pa kuchimbia, akaongea na wauzaji. Mwishowe akapata fosili ya dinosauri mdogo sana, karibu mzima. Alipoangalia mkia wake, aliona ni pacha wa mkia wa Archaeoraptor. Mfupa kwa mfupa, ufa kwa ufa. Hata madoa mawili ya manjano yaliyoachwa na oksidi yalikuwa mahali palepale, kwa jiwe hili na kwa lile.

Mwezi wa kumi na mbili aliwaandikia wenzake wa Marekani: hakuna tena shaka, kitu hiki ni cha kubandika. Njia ya mwongo ni fupi. Mwaka 2000 gazeti lilikiri, likamwomba mwandishi Lewis Simons afanye uchunguzi, na mwezi wa kumi likatangaza aliyoyapata. Fosili ilirudishwa China. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba sehemu ya mbele ilikuwa ya Yanornis, ndege wa zamani aliyekula samaki.

Wako waliochukua hadithi hii na kusema: munaona, mambo yote ya dinosauri na ndege ni uongo. Mimi nasoma kinyume. Uongo ule uliishi miezi michache tu mbele ya watu. Waliouvunja ni watu wa kazi hiyohiyo, na chombo chao kilikuwa rahisi kukielewa: linganisha jiwe na pacha wake. Tena mkia wenyewe haukuwa wa uongo. Ulikuwa wa mnyama wa kweli ambaye hakuna aliyemjua bado. Mwezi wa kumi na mbili 2000, Xu Xing pamoja na Zhou Zhonghe na Wang Xiaolin walimtangaza kwenye Nature kwa jina Microraptor zhaoianus, kwa heshima ya mtafiti Zhao Xijin. Wakati ule alikuwa dinosauri mdogo kupita wote waliojulikana nje ya ndege.

Mushike akilini lile jiwe la Xu Xing. Tutalirudilia.

3. Mabawa manne yalifanya kazi gani?

Mwaka 2003 ilitoka habari nyingine. Timu ya Xu Xing ilionyesha fosili zingine, zilizoitwa Microraptor gui, na hapo manyoya yalionekana wazi. Mikono ilikuwa na manyoya marefu ya bawa. Miguu pia! Na mkia uliishia kwa manyoya yaliyopangwa sawa feni.

Kwa kuelewa uzito wa jambo hilo, kamata unyoya mrefu wa bawa la kuku. Angalia ule mti wa katikati. Hauko katikati kabisa: upande mmoja wa unyoya ni mwembamba, mwingine ni mpana. Sasa chukua unyoya wa kifuani: pande mbili karibu sawa. Tofauti hiyo si ya urembo. Upande mwembamba unakata upepo, upande mpana unafuata, na unyoya unakuwa bawa dogo lenyewe. Manyoya ya mikono ya Microraptor yalikuwa ya aina ile ya bawa. Ya miguu vilevile. Mnyama hafugi manyoya ya namna hiyo kwa kujifunika baridi tu.

Kuna mtu mmoja ambaye angefurahi kuyaona. Mwaka 1915, William Beebe, mtaalamu wa ndege kule New York, alichunguza vifaranga vya njiwa akaona mstari wa manyoya kwenye mapaja. Akaandika kwamba zamani, kabla ya ndege wa leo, kulipita wanyama wa mabawa manne. Akakipa kipindi hicho jina Tetrapteryx. Wengi waliona ni ndoto. Ilibidi kungoja miaka 88 ndipo mawe ya Liaoning yakaonyesha kwamba mnyama wa mabawa manne aliweza kweli kuishi.

Lakini aliyatumia namna gani? Hapa wataalamu walibishana, na bado wanabishana. Mwanzo walichora Microraptor amepanua miguu pembeni kabisa, sawa chura. Wengine wakajibu: haiwezekani, mfupa wa paja ungetoka kwenye nyonga. Mwaka 2007 Sankar Chatterjee na Jack Templin walipendekeza kwamba miguu ilishuka chini ya mwili, hivi mabawa yakawa ya ghorofa mbili, sawa zile avion za kwanza kwanza. Wengine walitengeneza mifano ya ukubwa wake, wakairusha. Wengine tena, mwaka 2013, waliweka mfano wake ndani ya mashine ya kupuliza upepo, wakapima vile anashuka.

Walichokubaliana wengi ni hiki: Microraptor aliweza kuruka toka mti mmoja mpaka mwingine kwa kuteleza juu ya hewa, na alifanya hivyo vizuri. Kuhusu kupiga mabawa sawa ndege wa leo, utafiti wa mwaka 2020 ulihesabu ukubwa wa mabawa na uzito wa mwili, ukaona kwamba yuko kati ya wachache wasio ndege ambao waliweza kukaribia. Chini, yale manyoya marefu ya miguu yangemsumbua akikimbia majanini. Lakini kucha zake zilikuwa kali na za kupinda, zinazofaa kushika gome la mti.

Mwaka huohuo wa 2020 ilitoka habari ndogo lakini tamu sana. Fosili moja ya Microraptor ilionyesha manyoya mapya yanaota katikati ya yale ya zamani, moja baada ya lingine kwa mpangilio. Ninyi mnaofuga, munajua vile kuku anabadilisha manyoya. Kuna ndege wa maji, kama bata, wanaoangusha manyoya yote ya bawa kwa mara moja, na kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka. Wengine wanabadilisha kidogo kidogo, juu maisha yao yanategemea kuruka kila siku. Microraptor alikuwa wa kundi hili la pili. Mnyama asiyehitaji bawa lake kila siku asingejisumbua kulilinda namna hiyo.

4. Rangi ya mnyama aliyekufa miaka milioni 120

Zamani kidogo, profesa angeweza kuwaambia: mifupa tutaijua, rangi hatutaijua hata siku moja. Leo asingesema hivyo. Ndani ya unyoya kuna vifuko vidogo sana vya rangi, vinaitwa melanozomi. Havionekani bila mikroskopi ya nguvu. Umbo lake linafuata rangi: vya namna hii vinaleta weusi, vya namna ile vinaleta wekundu wa kahawia. Na katika fosili za Liaoning, vingine vimebaki na umbo lake.

Mwaka 2012 timu ya China na Marekani ilichunguza vifuko vya Microraptor mmoja, ikavilinganisha na vile vya ndege wengi wa leo. Vilikuwa vyembamba na virefu, vimepangwa sawa na vya ndege weusi wanaong'aa. Yaani Microraptor alikuwa mweusi, na jua likimpiga aling'aa kibuluu, sawa kunguru au jogoo mweusi aliyelishwa vizuri.

Rangi hiyo iliingiza ubishi mwingine. Mwaka 2011, kwa kupima duara ya mifupa inayozunguka jicho, watafiti walikuwa wamesema kwamba Microraptor aliwinda usiku. Sasa wa rangi wakauliza: mnyama wa usiku anang'aa kwa ajili ya nani? Ndege wengi wenye kung'aa ni wa mchana, wanajionyesha kwa wenzao. Mimi napenda ubishi wa namna hii. Kila upande umeleta kitu cha kupimika, hakuna aliyeleta kelele. Na kule kung'aa, pamoja na manyoya mawili marefu yaliyojitokeza ncha ya mkia, kunatuambia kwamba mnyama huyu alikuwa pia na maisha ya kijamii: kuonekana, kuchaguliwa, pengine kushindana.

5. Ndani ya tumbo

Sasa tufike kwa chakula, ambako mimi naona njo utajiri wote. Kwa wanyama wengi wa zamani, tunakisia chakula kwa kuangalia meno. Kwa Microraptor, tumbo lenyewe limebaki na ushahidi, na si mara moja. Ni mara nne.

Mara ya kwanza, 2011: Jingmai O'Connor na wenzake walionyesha Microraptor mwenye mabaki ya ndege tumboni. Ndege yule alikuwa mkubwa tayari, si kifaranga, na miguu yake ilikuwa ya kushika tawi. Kwa hiyo alikamatwa, kwa uwezekano mkubwa, juu mitini. Hapa pia tunasahihisha kitu ambacho wengi wanachanganya: Microraptor si babu ya ndege. Archaeopteryx wa Ujerumani, mwenye mabawa tayari, ni wa miaka karibu milioni 150, yaani amemtangulia kwa miaka milioni 30. Wakati Microraptor anaishi, ndege walikuwepo na alikuwa anawala. Ni binamu, na binamu mbaya kweli.

Mara ya pili, 2013: Microraptor mwingine, tumboni mifupa ya samaki. Hapo wataalamu waliangalia meno yake upya. Dinosauri wawindaji wengi wana meno ya msumeno pande mbili, ya kukata nyama. Ya huyu yalikuwa na msumeno upande mmoja tu, na mengine ya mbele yaliinama kuelekea mbele. Meno ya namna hiyo yanamshika samaki anayeteleza bila kumpasua vipande.

Mara ya tatu, 2019: mjusi mzima, amemezwa kichwa kwanza, vile ndege wengi wanavyomeza windo leo. Mjusi mwenyewe alikuwa wa aina isiyojulikana. Wakamwita Indrasaurus wangi. Hebu fikiri: aina mpya ya mnyama inagunduliwa ndani ya tumbo la mwingine!

Unaona sasa picha inajikusanya. Ndege kutoka mitini, samaki kutoka majini, mjusi kutoka pengine popote. Huyu hakuwa mchaguzi. Alikula alichopata, sawa kuku wa kijijini anayepita uwanjani: punje, mdudu, kinyonga mdogo, hakatai kitu. Mnyama wa namna hiyo hafi njaa kwa sababu ziwa limekauka mwaka mmoja. Pengine njo sababu moja ya kupatikana kwake kwa wingi: Microraptor ni kati ya dinosauri wanaopatikana mara nyingi kabisa katika mawe yale, na musée za China zinasemwa kuwa na mamia yake.

6. Jiwe lilelile

Mara ya nne ilikuwa mwaka 2022. Hans Larsson, mtafiti wa Kanada, alikuwa anapitia fosili za Microraptor. Katikati ya mbavu za moja kati yao aliona kitu ambacho hakikuwa cha mnyama mwenyewe: mguu mdogo wa mamalia, karibu mzima. Ni mguu wa mnyama wa ukubwa kama panya, mwenye umbile la kuishi zaidi chini kuliko mitini. Kwa hiyo kwenye orodha ya chakula tukaongeza cha nne.

Na fosili hiyo ilikuwa ipi? Ni ile ya Xu Xing. Ni jiwe lilelile la mwaka 2000, lililobeba jina Microraptor zhaoianus kwa mara ya kwanza, lile ambalo mkia wake ulikuwa pacha wa mkia wa uongo. Miaka 22 lilikaa Beijing. Maprofesa wa dunia nzima walikuwa wanalijua. Lilivunja uongo wa dola 80 000, lilizaa jina jipya la mnyama, na muda wote huo lilikuwa na chakula cha mwisho tumboni, kinangoja mtu wa kuangalia.

Sasa weka yale mawe mawili karibu. Jiwe la Tucson liliuzwa bei kubwa, likapigwa picha, likaonyeshwa kwa dunia nzima kwa sababu lilionekana zima. Lakini ule uzima ulitoka kwa gundi. Mkia wake ulitenganishwa na mwili wake, na ungebaki hivyo siku zote kama pacha asingepatikana. Jiwe la Xu Xing halikuwa na makelele hayo. Lakini liliacha mnyama na mwili wake, mbavu na kilichokuwa kati ya mbavu. Kama yule mchimbaji angekuwa amelivunja na kuchukua tu sehemu nzuri, ule mguu mdogo ungekwenda na takataka, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba ulikuwepo.

China nayo ilijifunza. Toka mwezi wa kwanza 2011 kuna kanuni za taifa juu ya ulinzi wa fosili, zinazosema nani anaruhusiwa kuchimba, na kitu kinatoka namna gani. Kanuni peke yake haiwezi kumaliza magendo, sisi tunajua. Mpaka mkulima aone faida ya kuacha mfupa mahali pake na kumwita mtaalamu, gundi itaendelea kununuliwa.

Kwetu sisi wa terrain, jambo hili si la dinosauri tu. Kila mmoja aliyefanya mémoire ya udongo anajua: mfuko wa udongo bila étiquette, bila mahali, bila kina, bila tarehe, ni udongo tu. Hata ungeupeleka kwa laboratoire ya bei kali namna gani, majibu yatakayotoka hayatakuwa ya shamba lolote. Mfuko wenye étiquette, hata ukikaa miaka 22 kwenye kabati, siku moja mwanafunzi atakuja na swali ambalo wewe hukulifikiria, na mfuko utamjibu.

Kwa hiyo, ninyi mnaotoka kwenda kuchukua échantillons msimu huu: andikeni mahali. Andikeni kina. Andikeni siku. Na kama kitu kimevunjika, kiacheni kimevunjika, muandike kwamba kimevunjika. Microraptor alikufa bila kujua kwamba mlo wake wa mwisho ungesomwa na mtu. Ulisomwa kwa sababu hakuna aliyempanga upya awe mzuri kuliko alivyokuwa.